Tulisikilizana: kabla hujatia sahihi maelezo yako ya ushahidi

Mzee mmoja wa Bukavu mwenye malori matatu alikaa kushotoni kwangu, wakili ng'ambo ya meza, na chini ya dirisha Mtaa wa Anton Lembede ulikuwa umeziba magari kama kawaida yake saa kumi jioni. Mimi nilikuwa mkalimani. Wakili alitaka kujua kilichotokea siku ile wenye malori walipokutana kwenye yadi moja ya Bayhead, jirani na bandari. Mzee akajibu kwa ufupi: "Tulikaa, tukasikilizana, kila mutu akaenda kwake."

Nikatafsiri. Kiingereza nilichokitoa, kwa haraka na kwa uchovu, kilikuwa na maana ya "tukakubaliana". Wakili akaandika. Juma lililofuata rasimu ikarudi, nikamsomea mzee kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na tulipofika aya ya kumi na moja akaweka kiganja juu ya karatasi. "Mama, ile neno haikutoka mu kinywa yangu."

Nilijitetea kidogo, nakiri. Kivu nzima mtu akisema "tulisikilizana" mara nyingi anamaanisha hasa kwamba jambo limepita, bei imefungwa, tuinuke. Lakini anaweza pia kumaanisha kwamba mmoja alilalamikia dizeli, mwingine akalalamikia foleni ya makontena, wakasikilizana kama watu wenye adabu, basi. Anayejua alimaanisha lipi ni mwenye kinywa peke yake. Na katika shauri la kupanga bei, tofauti hiyo inaweza kuwa na thamani ya lori moja kati ya yale matatu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwapa ushauri uleule wenzetu wa hapa Durban: wenye malori, mawakala wa forodha, wauzaji wa magari yaliyotumika ya Japani, wahasibu wao, makarani wao. Sasa nauandika. Mimi si wakili, na ukipokea barua ya wito tafuta wakili kabla ya kufanya lolote. Ila nimekaa kwenye meza hizo muda mrefu wa kutosha kuona watu wanavyoumizwa na maneno yao wenyewe, na zaidi wanavyoumizwa na maneno ambayo si yao.

Kwanza ujue unasimama wapi. Sheria ya Ushindani ya Afrika Kusini ni namba 89 ya 1998. Tume ya Ushindani huchunguza na kushtaki. Baraza la Ushindani, lililo Pretoria, husikiliza na kutoza. Asiyeridhika huenda Mahakama ya Rufani ya Ushindani. Makosa mazito kuliko yote ni matatu: washindani kupanga bei pamoja, kugawana wateja au maeneo, na kula njama kwenye zabuni. Kampuni inaweza kutozwa hadi asilimia 10 ya mauzo yake ya mwaka, na tangu mabadiliko yaliyoanza kutumika 2019, anayerudia kosa anaweza kufikishwa asilimia 25. Mkurugenzi au meneja aliyeshiriki mwenyewe, tangu Mei 1, 2016, anakabiliwa na jela hadi miaka 10 au faini hadi R500,000, au vyote viwili. Na Tume haitakiwi kuthibitisha pasipo shaka yoyote kama kwenye kesi ya wizi. Inatosha mizani ya uwezekano iegemee upande wake.

Sasa neno la mzee. Sheria hiyo inapofafanua "makubaliano" haiishii kwenye mkataba. Inataja pia mpango na maelewano, hata kama hayawezi kudaiwa mahakamani. Kwa hiyo asijidanganye mtu kwamba akisema "hatukukubaliana, tulielewana tu" amepona. Ameingia palepale. Ndiyo maana sikumwambia mzee kuwa kubadilisha neno kungemwokoa. Nilimwambia karatasi iseme kilichotokea, kwa kipimo chake, kwa sababu kuna hatua mbili katika mashauri haya na watu wengi hujiandaa kwa hatua ya kwanza tu. Hatua ya kwanza ni kama kosa lilitendeka. Ya pili ni utalipa kiasi gani. Kwenye ile ya kwanza karatasi zina nguvu sana: barua pepe, ankara, orodha za bei zilizopanda siku moja. Kwenye ile ya pili maswali ni ya aina nyingine. Nani aliitisha kikao? Nani alikuja mara moja na hakurudi? Bei iliyotajwa ilitumika kweli au ilibaki yadini? Ilianza lini, ikaisha lini? Hayo ankara haisemi. Yanahitaji mtu.

Chukua mfano ulio kilomita 120 hivi kusini mwa hapa. Mwaka 1998 wazalishaji wa saruji wa nchi hii walikutana Port Shepstone, na kwa maelezo ya Tume walikubaliana humo jinsi ya kugawana soko na kupanga mwelekeo wa bei, baada ya kateli yao ya zamani, umoja wa kupanga bei na soko uliokuwa halali, kuvunjwa miaka miwili kabla. Maofisa wa Tume walivamia ofisi za kampuni za saruji mwaka 2009, na PPC ikajisalimisha mwaka huohuo kuomba msamaha. Hesabu mwenyewe: miaka 11 imepita kati ya kikao na msako. Nani anakumbuka nani alikaa wapi? AfriSam ilimaliza kwa maafikiano Novemba 2011, ikalipa takriban R125 milioni. Lafarge ikafuata Machi 2012 kwa takriban R149 milioni. Natal Portland Cement, ambayo ni ya hapahapa Durban, haikuwa miongoni mwa walioafikiana.

Wale waliomaliza kwa maafikiano walimaliza kwa karatasi. Hati huandikwa, hutiwa sahihi, Baraza huithibitisha, na hakuna shahidi anayepanda kizimbani kudodoswa. Njia hiyo ina faida zake: muda, gharama, na siri kiasi. Ndivyo ilivyokuwa pia Julai 2013, kampuni 15 za ujenzi zilipolipa jumla ya R1.46 bilioni kwa pamoja kwa njama za zabuni. Tume ilieleza kuwa mwaka 2006 wakubwa wa ujenzi walikutana kupangana juu ya viwanja vya Kombe la Dunia la 2010 na kuafikiana faida ya asilimia 17.5. Kila Jumamosi jioni watu wanapita chini ya tao la Moses Mabhida na watoto wao, wanapiga picha, na habari hiyo wameshaisahau. Nami sikumbuki kama niliwahi kusikia hata sauti moja ya aliyekuwemo kwenye vikao vile akieleza kilichosemwa. Karatasi ilinyamazisha kila kitu vizuri sana. Kwa kampuni ni nafuu. Kwa mlipa kodi wa Umlazi, nina mashaka.

Usipokubali maafikiano, au Tume isipokubali yako, hapo ndipo kinywa kinarudi kazini.

Kifungu cha 55 cha sheria kinaliruhusu Baraza kupokea ushahidi wowote unaohusika, wa mdomo au wa hati, uwe wa kiapo au la, hata ule ambao mahakama ya kawaida ingeukataa. Watu wakisomewa kifungu hiki hufurahi: kumbe hata barua ya shemeji inapokelewa! Inapokelewa, ndiyo. Mlango ni mpana ila mizani ni ileile. Maelezo ya mtu ambaye hakuja kuulizwa maswali hupokelewa na kisha huwekwa pembeni pale yanapopingana na ya mtu aliyekuja, akakaa, akaulizwa saa tatu na hakuyumba.

Utaratibu wa kawaida uko hivi. Kabla ya siku ya kusikilizwa, kila upande hupeleka maelezo ya maandishi ya mashahidi wake wa matukio, pamoja na ripoti za wataalamu, hasa wachumi. Siku ikifika shahidi huapa, huyathibitisha maelezo yake kuwa ya kweli, huongozwa kidogo na wakili wake, halafu hukabidhiwa kwa upande wa pili kwa maswali ya dodoso. Wajumbe wa Baraza nao huuliza, na huuliza kweli, kwa kuwa sheria inawaruhusu kuchimba wenyewe badala ya kukaa kama waamuzi wa mpira. Ina maana karatasi uliyotia sahihi miezi sita iliyopita ndiyo ushahidi wako mkuu, na kazi yote iliyobaki ya kinywa chako ni kuutetea. Kila sentensi ambayo wakili ameipamba itaulizwa kwako, na yeye hatakuwepo kukujibia.

Kwa hiyo: maelezo yaandikwe kwa maneno yako. Ukisema "tulikuwa tunaulizana bei", yasigeuke "kulikuwepo utaratibu endelevu wa kubadilishana taarifa za kibiashara". Hujawahi kusema maneno hayo maishani mwako na hata wajumbe wataliona hilo mara tu ukifungua mdomo. Nimeona shahidi akiulizwa maana ya neno lililo kwenye hati yake mwenyewe akamgeukia mkalimani. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na sikuruhusiwa kumsaidia.

Kama unafikiri kwa Kiswahili, toa maelezo kwa Kiswahili. Wengi wetu hapa tuna Kiingereza cha dukani, kinachotosha kununua tairi na kugombana na polisi wa barabarani, tunaona aibu kuomba mkalimani kwa kuwa tumeishi huku miaka ishirini. Aibu hiyo ni ghali. Mwombe wakili maelezo yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, uyasome au usomewe, ndipo yatafsiriwe, na nakala ya Kiswahili ubaki nayo. Mkalimani wa siku ya kusikilizwa aombwe mapema, kwenye kikao cha maandalizi, si asubuhi ya siku yenyewe. Na ukimpata mkalimani wa Unguja ilhali wewe ni wa Uvira, sema. Kiswahili ni kimoja lakini nimekwisha kukueleza yaliyonikuta na neno moja tu.

Tarehe ni jambo la kukaa nalo zaidi ya mengine yote, kwa sababu ya hesabu. Mwongozo wa Tume wa kukokotoa adhabu, ulioanza kutumika Mei 2015, huanza na mauzo yaliyoguswa na kosa, huchukua sehemu yake isiyozidi asilimia 30, kisha huzidisha kwa miaka ambayo kosa lilidumu. Baada ya hapo huja kikomo cha asilimia 10 ya mauzo yote, halafu mambo ya kuongeza na kupunguza. Mwongozo haulifungi Baraza, lakini njia ya kufikiri ndiyo hiyo. Sasa tuseme mauzo yako yaliyoguswa ni R20 milioni kwa mwaka na sehemu iliyochukuliwa ni asilimia 15. Hiyo ni R3 milioni, mara miaka. Shahidi akiandika "tulianza kukutana kama 2014 au 2015 hivi", hilo "hivi" lina thamani ya R3 milioni.

Hakuna anayekumbuka tarehe ya miaka minane nyuma, na anayedai anakumbuka ananitia wasiwasi. Lakini watu hukumbuka mambo mengine. Mzee wangu hakujua mwaka wa kikao. Alijua kuwa siku ile alikuja na lori lake la pili ambalo lilikuwa bado halijabadilishwa jina, na kwamba mke wake alikuwa amejifungua binti wa mwisho. Kadi ya lori ina tarehe, na cheti cha kuzaliwa kina tarehe. Ndani ya nusu saa tulikuwa na mwezi. Karatasi ya aina hiyo, ile ambayo haikuandikwa kwa ajili ya kesi, ndiyo inayokipa kinywa nguvu. Zikusanye mapema: vitabu vya safari, stakabadhi za mafuta, kalenda ya ukutani yenye alama za kalamu.

Andika pia usichojua. "Sikumbuki" iliyoandikwa mapema ni ukweli. "Sikumbuki" inayotokea kwa mara ya kwanza wakati wa dodoso inanuka. Na tenganisha uliyoyaona na uliyoyasikia. Kiswahili kinatusaliti hapa kwa sababu "nilisikia" yetu hubeba kila kitu: nilikuwepo nikasikia kwa masikio yangu, na pia niliambiwa na dereva aliyeambiwa na mwenzake. Kwenye maelezo sema: nilikuwepo, au, fulani aliniambia. Ushahidi wa kuambiwa Baraza linaweza kuupokea, kama nilivyosema, ila ukiutambulisha kama wako kisha ukagundulika, utachafua na yale uliyoyaona kweli.

Kuna hali ambapo shauri huamuliwa kwa hati za kiapo tu, bila mtu kupanda kizimbani. Kipindi cha Uviko-19 mashauri ya bei za barakoa yalipelekwa mbio hivyo, kwa hati na vikao vya mtandaoni. Kampuni ya Babelegi Workwear ilitozwa R76,040 mwaka 2020, na baadaye mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ya Ushindani ikaiacha hatia lakini ikaiondoa faini. Ukiwa mlalamikiwa katika shauri la hati peke yake, ujue kanuni moja ya mahakama za huku, inayotoka kwenye kesi ya rangi za Plascon-Evans ya 1984: pande mbili zikipingana juu ya tukio na hakuna aliyeulizwa maswali, kwa amri ya mwisho maelezo ya mlalamikiwa ndiyo hufuatwa, isipokuwa kama hayaingii akilini kabisa. Hapo kukana kwa neno moja hakutoshi. Andika kisa chako kizima, kwa undani, kwa sababu hutapata nafasi ya kukieleza. Na kama tofauti ni kubwa na unaamini shahidi wa upande wa pili hawezi kustahimili maswali, wakili wako aombe ushahidi wa mdomo. Mawakili wengine hawaombi kwa kuwa siku za kusikiliza ni ghali. Muulize kwa nini.

Kwenye dodoso lenyewe sitakaa sana, kwani ujasiri haufundishwi kwenye makala. Jibu lililoulizwa. Usijaze ukimya. Swali likiwa na mambo mawili ndani yake, liombe ligawanywe. Ila kuna sheria moja inayomhusu wakili wako ambayo wewe ndiye unayeumia nayo ikisahaulika. Mahakama ya Katiba iliieleza katika kesi ya chama cha raga cha Afrika Kusini, hukumu ya 1999: ukitaka baadaye kusema shahidi wa upande wa pili amedanganya, sharti umwambie hivyo angali kizimbani na umpe kisa chako ili akijibu. Kwa hiyo shahidi wa Tume anapotoa ushahidi, kaa nyuma ya wakili wako na karatasi. Kila anachosema kisicho kweli, andika, mpitishie. Usingoje chakula cha mchana.

Na Baraza linapokabiliwa na visa viwili visivyopatana, hutumia kipimo kilichowekwa na Mahakama Kuu ya Rufani mwaka 2002 katika kesi ya Martell: uaminifu wa shahidi, uwezo wake wa kuona na kukumbuka, na kipi kinaelekea kuwa kweli ukitazama mambo yote. Zingatia la mwisho. Shahidi mchangamfu mwenye kisa kisichoingia akilini hushindwa na mwenye kigugumizi ambaye kisa chake kinakaa sawa na ankara.

Kisa cha mkate ndicho ninachopenda kuwasimulia watu hapa. Kilianza kwa mdomo: mwishoni mwa 2006 msambazaji wa Cape Town, Imraahn Mukaddam, aliona viwanda vikubwa vinapandisha bei na kubana punguzo la wasambazaji kwa namna moja, akaiendea Tume. Premier ikapata msamaha kwa kujisalimisha. Tiger Brands ikaafikiana mwaka 2007 na kulipa takriban R98.8 milioni, sawa na asilimia 5.7 ya mauzo yake ya mkate. Pioneer ilikana. Ikaenda mbele ya Baraza na mashahidi wake, wakasikilizwa, hawakuaminiwa. Februari 3, 2010 ikatozwa R195,718,614: asilimia 9.5 ya mauzo ya mkate kwa kosa la Rasi ya Magharibi, na 10 kwa lile la nchi nzima. Kampuni hizo hazilingani kwa mauzo, ila tazama asilimia. Kinywa kisichoaminika hupoteza kesi, na kikishaipoteza huingia na kwenye hesabu ya adhabu, kwa sababu kifungu cha 59 kinalitaka Baraza kupima mwenendo wa mlalamikiwa na kiasi alichoshirikiana.

Wapo wanaokiri kosa na kugombania kiasi tu. Hapo ndipo ushahidi wa mdomo unaposahaulika zaidi, maana mtu husema: nimeshakiri, shahidi wa nini tena? Shauri la mabomba ya zege linafundisha vinginevyo. Kateli ile ilianza 1973 na ilidumu hadi 2007, ikiwa na mkono wake huku KwaZulu-Natal. Rocla ndiyo iliyojisalimisha. Southern Pipeline Contractors na Conrite Walls walikiri kushiriki, na kilichobaki kikawa adhabu. Baraza likatoza, wakakata rufaa, na mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ya Ushindani ikapunguza, ikisisitiza adhabu ilingane na mauzo yaliyoguswa na kosa. Ukifika hapo unahitaji mtu wa kueleza mauzo yapi yaliguswa na yapi hayakuguswa. Mhasibu wako, kwa mfano. Mhasibu akiapa kwenye hati kwamba "hali ya kampuni ni mbaya", hati hiyo itasomwa na kusahaulika. Mhasibu akikaa pale na vitabu, akaulizwa kwa nini mkopo wa benki uliongezeka mwaka ambao mwenye kampuni alinunua nyumba Umhlanga, akawa na jibu, hiyo ni habari nyingine. Akiwa hana jibu, bora asiende.

Neno kuhusu simu. Sheria ya Mawasiliano na Miamala ya Kielektroniki ya 2002 inafanya ujumbe wa WhatsApp kuwa ushahidi kama hati nyingine. Lakini sisi hatuandiki WhatsApp, tunaongea kwa vidole. Mzaha, methali, kikaragosi cha kucheka, sauti ya sekunde tisa iliyorekodiwa ukiwa barabara ya N3 juu ya Van Reenen. Vyote hivyo vikichapishwa kwenye karatasi nyeupe vinapoteza kicheko. Usifute chochote uchunguzi ukianza. Kufuta ni kujiongezea shauri. Toa mazungumzo mazima, siyo kipande, na uwe tayari kuyaeleza kwa mdomo: "bosi, leo tunakula wote" ilimaanisha nini siku ile.

Ukiitwa na Tume kuhojiwa kabla ya shauri, chini ya kifungu cha 49A, mahojiano hurekodiwa na kuandikwa. Hicho ni kinywa kinachogeuka karatasi bila wewe kuhariri. Sheria inakulinda kwa kiasi fulani: jibu linalokutia hatiani halitumiki dhidi yako kwenye kesi ya jinai, isipokuwa ya kusema uongo. Dhidi ya kampuni yako mbele ya Baraza ni hadithi nyingine. Omba nakala, uisome kabla hujaandika maelezo ya shahidi, maana anayekudodosa atakuwa nayo mkononi, ameiwekea alama za rangi.

Anayefikiria kujisalimisha kwanza, kabla ya wenzake, ajue jambo moja. Huko Brussels, waombaji msamaha wa Tume ya Ulaya huruhusiwa kutoa maelezo yao kwa mdomo, yakarekodiwa palepale ofisini, kusudi wasiwe na hati yao wenyewe ambayo wadai wa Marekani wangeweza kuidai. Huku nako karatasi ya msamaha imewahi kugombaniwa hadi Mahakama Kuu ya Rufani, katika shauri la ArcelorMittal la 2013. Mahakama ilisema hati ya ombi inalindwa kwa kuwa iliandaliwa kwa ajili ya kesi, lakini Tume ilikuwa imeuachia ulinzi huo kwa kuitaja kwenye mashtaka yake. Kabla hujaandika ombi, muulize wakili: lazima liandikwe?

Ndugu walio nyumbani wasione haya ni ya Durban tu. Kenya, Mamlaka ya Ushindani ilizitoza kampuni tisa za chuma KSh 338.8 milioni mwaka 2023. Tanzania ina Tume ya Ushindani na Baraza lake tangu sheria ya 2003. Mwenye lori anayepakia hapa na kushusha Lubumbashi au Tunduma anapita chini ya sheria kadhaa kwa safari moja.

Turudi kwenye aya ya kumi na moja. Wakili alitaka kuifuta. Mzee alikataa, na alikuwa sahihi, kuifuta kungeonekana. Tukaiandika upya, na ilituchukua alasiri nzima. Waliokuja walikuwa saba. Wawili aliwajua kwa majina, mmoja kwa jina la utani. Mmoja alitaja bei ya safari ya Johannesburg na kusema chini ya hapo ni kufilisika. Je, wewe ulijibu? Alinyamaza sana. "Nilitikisa kichwa." Kwa kukubali au kwa kusikitika? "Mama, nilitikisa tu." Basi tukaandika hivyo, kwamba alitikisa kichwa na hakusema neno. Kisha bei aliyotoza Jumatatu iliyofuata, kwa ankara mbili: moja sawa na iliyotajwa yadini, moja chini yake.

Hakufurahia ile ya kwanza. Aliitazama muda, akaisukuma kwa wakili pamoja na nyingine.

Chini ya hati ya kiapo iliyotolewa kwa lugha nyingine kuna mahali pa mkalimani pia, pa kuapa kwamba ametafsiri kwa ukweli na kwa ukamilifu. Mzee alitia sahihi yake, akanipa kalamu. Nilirudi kwenye aya ya kumi na moja nikaisoma tena kwa sauti, Kiswahili kwanza, halafu Kiingereza, yeye akifuata kwa kidole.

Shauri lilikwisha kwa maafikiano, na hakuna aliyewahi kumsikia akiisema.